Antena ya duara kwenye televisheni: nusu ya mkataba iko mnarani

Kuna antena za televisheni zinazouzwa kwa sifa mbili kwa mpigo: kwamba zina polaraizesheni ya duara, yaani zinapokea wimbi linalotikisika kwa kuzunguka, na kwamba zinashika bendi yote ya UHF, masafa ya televisheni ya minarani, bila kubagua. Muuzaji akichangamka ataongeza kuwa hazijali mnara umekaaje, na kuwa zinafuta mawimbi yanayodunda kwenye majengo. Sifa hizo hazikutungwa hewani. Kila moja ina fizikia nyuma yake, tena fizikia ya zamani: Mfaransa Augustin Fresnel aliielezea duara hiyo kwenye mwanga miaka ya 1820, redio haijaota hata ndotoni. Tatizo ni masharti. Duara ni mkataba wa pande mbili, mnara unaorusha na antena inayopokea, na saini ya upande wa pili haimo ndani ya boksi unalolipia.

Mlalo, wima na duara

Chukua kamba ya kuruka ya watoto, watu wawili wameishika huku na huku. Ukiitikisa kushoto na kulia sambamba na ardhi, huo ni mlalo. Ukiitikisa juu na chini, huo ni wima. Ukiizungusha ili mtoto aruke katikati, kila sehemu ya kamba inachora duara huku mzunguko wenyewe ukisafiri kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Wimbi la redio lina mambo hayohayo matatu, ila kinachotikisika si kamba, ni uga wa umeme, na unatikisika mamilioni ya mara kwa sekunde. Upande ambao uga huo unatikisikia ndio unaoitwa polaraizesheni.

Antena ya kawaida ya paa, ile yenye vijiti vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, hushika mtetemo unaolingana na vijiti vyake. Vijiti vikilala, inashika mlalo. Vikisimama, inashika wima. Ikiwa imepinda kidogo ukilinganisha na wimbi, hasara ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: nguvu hupungua kwa mraba wa kosaini ya pembe, kwa hiyo antena iliyopinda nyuzi 30 bado inapata robo tatu ya nguvu, na iliyopinda nyuzi 45 inapata nusu. Balaa linaanza ukikaribia nyuzi 90. Kwenye karatasi jibu ni sifuri. Kwenye paa halifiki sifuri, kwa sababu wimbi likishapita kwenye miti, mabati na nguzo huwa limepindapinda, lakini linapungua sana. Wapangaji wa masafa wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huhesabu desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu) 16 kwa antena za nyumbani zinazotenganisha mnara kwa upande na kwa polaraizesheni, yaani nguvu kupungua kama mara 40.

Upungufu huo una faida zake. Uingereza imepanga minara yake mikubwa mingi irushe mlalo, na minara midogo ya kuziba mapengo, mingi yao, irushe wima, ili majirani wawili watumie masafa yanayokaribiana bila kuingiliana. Fundi wa kule akifika nyumba mpya hutazama kwanza antena za majirani zimelala au zimesimama. Huku kwetu ushauri huohuo unafaa, na hauna gharama.

Sasa duara. Wimbi la duara ni mitetemo miwili kwa pamoja, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima, yenye ukubwa sawa, mmoja ukiwa nyuma ya mwenzake kwa robo ya mzunguko. Wa mlalo unapofika kileleni, wa wima uko sifuri. Wa wima unapopanda, wa mlalo unashuka. Jumla yao haipungui wala haiongezeki, inazunguka tu. Ikitegemea nani ametangulia, inazunguka kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Wahandisi wa redio hutazama wimbi likiwaacha mgongoni kwenda mbele: likizunguka kama mishale ya saa, ni la kulia. Wataalamu wa mwanga wengi hutazama likiwajia usoni, kwa hiyo majina yanageuka. Ukisoma maandishi ya pande zote mbili siku moja, kichwa kitauma, na si kosa lako.

Bei ya kutochagua

Mambo ya kushika hapa ni machache. Mnara wa duara la kulia na antena ya duara la kulia hupatana kikamilifu. Mnara wa kulia na antena ya kushoto, kwa nadharia, hakuna kinachopita. Mmoja akiwa wa duara na mwingine wa mstari, uwe mlalo, wima au wowote wa katikati, nusu ya nguvu inapita na nusu inapotea. Nusu hiyo ni desibeli 3, na hairudi kwa ujanja wowote wa fundi.

Kwa hiyo, antena ya duara ukiielekeza kwenye mnara wa mlalo, imekugharimu nusu ya nguvu moja kwa moja. Ulichopata badala yake ni uhakika: mnara uwe wa mlalo au wima, antena yako iwe imekaa sawa au imepinda, hasara ni hiyohiyo desibeli 3, haizidi. Ni kama bima, na bima ina maana kwa mwenye hatari ya kukingia. Anayejua mnara wake unarusha mlalo na ana uwezo wa kulaza antena yake, analipia bima ya nini?

Enzi za analojia desibeli 3 zilionekana kwa macho, picha ikawa na chenga kidogo zaidi. Dijitali haina ustaarabu huo. Aliye karibu na mnara, mwenye akiba ya desibeli 10 au 15, hatajua kama amepoteza kitu. Aliye ukingoni atakuta king'amuzi kinagandisha picha, kisha kinaandika kwamba hakuna mawimbi, ilhali jana kwa antena ya vijiti alikuwa anatazama mpira vizuri tu.

Simu yako ya mkononi inaishi na hasara hii kila siku. Satelaiti za GPS hurusha duara la mkono wa kulia, lakini antena ya ndani ya simu nyingi si ya duara, kwa sababu hakuna nafasi na hakuna ajuaye simu itashikwa vipi. Nusu ya nguvu inaachwa hewani na ramani bado inafunguka. Watengenezaji walipiga hesabu wakaona akiba inatosha. Mnunuzi wa antena ya TV naye hana budi kuipiga.

Marekani walivyojaribu

Uingereza ilianza televisheni kwa wima. Kituo cha BBC cha Alexandra Palace, kilichofunguliwa mwaka 1936, kilirusha hivyo, na paa za London zikaota antena zenye umbo la herufi H. Marekani ikachagua mlalo. Mvutano wa miaka mingi kuhusu kipi bora haukuwa na mshindi wa wazi, ndiyo maana hadi leo kila nchi ina mpangilio wake.

Mwaka 1977, baada ya majaribio yaliyofanywa Chicago kwenye chaneli 7 ya WLS-TV, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vituo vya televisheni kurusha kwa duara. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni antena za ndani, zile za mikono miwili inayovutwa na kukunjwa juu ya seti. Hakuna anayezilaza sawasawa. Mmoja anainua mkono mmoja, mwingine anaifunga kwenye pazia. Mnara ukirusha duara, antena hizo zinapata kitu katika kila mkao.

Ya pili ilikuwa kivuli. Wimbi moja linakuja moja kwa moja kutoka mnarani, jingine linadunda kwenye ghorofa na kufika likiwa limechelewa. Likizunguka mita 300 zaidi, linachelewa sekunde moja ya milioni. Kwenye mfumo wa Marekani, mstari mmoja wa picha ulichorwa kwa takriban sekunde 52 za milioni, kwa hiyo kwenye kioo cha upana wa sentimita 50 uso wa mtangazaji ulijirudia karibu sentimita moja pembeni. Katikati ya miji yenye maghorofa uliweza kuona nyuso tatu. Duara ilikuwa na dawa ya hili: wimbi la duara likigonga ukuta na kurudi, mkono wake unageuka, wa kulia unakuwa wa kushoto. Antena ya kulia haioni wimbi la kushoto. Kivuli kinakataliwa mlangoni.

Dawa nzuri kweli, ila iangalie tena. Inafanya kazi pale tu antena ya mtazamaji nayo ni ya duara. Watazamaji walikuwa na antena zao za mlalo juu ya paa, walizozinunua miaka mingi nyuma, na antena ya mlalo hupokea wimbi la kulia na la kushoto kwa usawa. Wao hawakuona tofauti kubwa ya kivuli. Kituo nacho, ili kubaki na nguvu ileile ya mlalo iliyowafikia watazamaji wa zamani, kililazimika kuongeza nguvu nyingine sawa na hiyo upande wa wima. Mtambo wenye nguvu maradufu, umeme maradufu, antena nzito zaidi mnarani. Vipo vituo vilivyokubali gharama hizo. Vingi viliona hesabu haifungi. Kanuni yenyewe haijafutwa: kawaida ni mlalo, ruhusa ipo kwa duara au umbo la yai, na ikiwa duara, basi iwe ya mkono wa kulia.

Nikisoma historia hii huwa naona mradi uliokwama kwa mambo ya soko kuliko ya fizikia. Kituo kilingoja watazamaji wanunue antena mpya, watazamaji wakangoja vituo vibadilike, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutangulia.

Kisha dijitali ikaja ikaondoa sababu ya pili. Mfumo wa DVB-T2 unaotumika Afrika Mashariki unatenga muda mfupi mwanzoni mwa kila alama ya data, muda ambao mwangwi unaruhusiwa kuingia bila kuharibu kitu. Muda huo ukiwekwa sekunde 224 za milioni, kwa mfano, mwangwi uliosafiri kilomita 67 zaidi bado unavumilika. Ghorofa la jirani ni mchezo. Mwangwi haujaacha kabisa kuumiza, maana unaweza kukutana na wimbi la kwanza na kulifuta kwenye baadhi ya masafa, lakini ule uso wa pili pembeni ya mtangazaji umekwenda na analojia.

Na hata hiyo kanuni ya mkono kugeuka ina kikomo ambacho matangazo ya biashara hayakitaji. Mkono hugeuka wimbi likigonga kitu kwa pembe inayokaribia kuelekeana nalo, hasa kikiwa cha chuma. Likiparaza ardhi au maji kwa pembe ndogo sana, kama linavyofanya wimbi linalotoka mnara wa mbali, sehemu ya mlalo na ya wima zote hugeuzwa kwa namna moja na mkono unabaki uleule. Antena ya duara haiwezi kulikataa wimbi hilo. Anayekaa ng'ambo ya ghuba na kupokea juu ya maji asitegemee msaada wowote hapo.

Upana wa bendi ndio mtihani

Kutengeneza duara kwenye masafa mamoja ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza. Kuitunza kwenye bendi nzima ndipo vichwa huuma.

Televisheni ya minarani kwa Afrika na Ulaya inakaa kati ya megahezi 470 na 694. Zamani ilifika 862, lakini sehemu ya juu imegawiwa mitandao ya simu. (Ndiyo maana antena ya zamani ya bendi pana zaidi si bahati: inakuletea pia kelele za mnara wa simu, na kiongeza nguvu kilicho karibu nayo kinazikuza zote.) Marekani, baada ya kupanga upya chaneli zake hadi mwaka 2020, UHF yao ni 470 hadi 608. Kwetu, juu ya bendi ni karibu mara moja na nusu ya chini yake. Wimbi la 470 lina urefu wa sentimita 64, la 694 sentimita 43. Antena moja inatakiwa iwapendeze wote.

Njia ya kwanza inayomjia kila mtu akilini ni kuchukua antena mbili za vijiti, moja ilale, nyingine isimame, kisha waya wa mmoja uwe mrefu zaidi kwa robo ya urefu wa wimbi ili mtetemo mmoja uchelewe. Inafaa. Ila robo ya urefu wa wimbi gani? Ukiukata waya kwa ajili ya katikati ya bendi, megahezi 571, hapo unapata nyuzi 90 kamili. Kwenye 470 waya huohuo unachelewesha nyuzi 74 tu, na kwenye 694 unachelewesha nyuzi 109. Duara inageuka yai. Kwa kipimo cha wahandisi, uwiano kati ya upande mrefu na mfupi wa yai hilo unafika desibeli 2.5 chini ya bendi na 3 juu yake, na 3 ndiyo mpaka ambao kwa desturi wimbi bado huitwa la duara. Kwa maneno mengine, njia hii ya kienyeji inasalimika kwa bendi yetu ya leo, chupuchupu. Ingekuwa ile ya zamani ya hadi 862, isingetoboa.

Wenye bidii zaidi hutumia kigawanyi maalumu kinachotunza robo ya mzunguko kwenye bendi yote, au hutumia antena mbili za logi-periodiki (za vijiti vinavyofupika hatua kwa hatua kuelekea mbele) na kuzikuza kidogo vipimo vyote vya moja kwa kiasi kilichopigiwa hesabu, badala ya kurefusha waya. Kwa tabia ya antena hizo, kuchelewa kunakotokana na ukuzaji huo kunabaki robo ileile kwenye masafa yote. Huo ni uhandisi safi, na nadhani ni mgumu kuliko mahitaji ya sebuleni.

Kuna antena nyingine ambayo duara imo mwilini mwake: springi. Mmarekani John Kraus wa Chuo Kikuu cha Ohio State aliibuni mwaka 1946. Alikuwa amesikiliza mhadhara kuhusu aina ya taa ya redio, kile kichupa cha kukuza mawimbi, iliyotumia waya wa springi, akamuuliza mhadhiri kama springi hiyo ingefaa kuwa antena, akajibiwa haifai. Akarudi nyumbani akaviringisha ya kwake. Ilifaa. Siri yake ni kwamba mzingo wa duru moja ukiwa kati ya robo tatu ya urefu wa wimbi na urefu mmoja na theluthi, wimbi linatiririka kwenye waya na kutoka kwa mbele likizunguka lenyewe, bila kigawanyi wala waya wa kuchelewesha. Kikomo hicho cha robo tatu hadi moja na theluthi kinabeba bendi yenye uwiano wa karibu 1.8. Yetu inahitaji 1.48. Inaingia na nafasi inabaki.

Tuipime kwa vifaa vya duka la mtaani. Bomba la plastiki la maji taka la milimita 160, juu yake waya wa shaba wa milimita 4. Duru moja inakuwa na mzingo wa sentimita 51 na nusu. Gawanya kwa sentimita 64 za chini ya bendi, unapata 0.81. Gawanya kwa 43 za juu, unapata 1.19. Yote mawili yako ndani. Mwinamo unaofaa ni nyuzi 12 hadi 14, kwa hiyo duru moja na nyingine ziachane kama sentimita 12. Duru 6 zinakupa springi ya sentimita 72 iliyokula waya wa mita 3 na kidogo. Nyuma yake weka bati au wavu wa chuma wa nusu mita kwa nusu mita, usigusane na waya: kiini cha kebo kinaungwa kwenye springi, ganda lake la nje kwenye bati.

Ukinzani wa springi hiyo uko karibu na omu 140 katikati ya bendi, wakati kebo ya televisheni ni ya omu 75. Watu hulichukulia hili kama dhambi kubwa. Kwa kupokea tu, kutolingana huko hata kwenye ncha mbaya kabisa ya bendi kunagharimu chini ya desibeli moja, na kipande cha bati kilichosogezwa karibu na robo ya kwanza ya duru hushusha ukinzani huo. Ukiwa na haraka, kwanza unga moja kwa moja uone.

Je, inapata nini? Kanuni ya Kraus inaahidi desibeli 13 juu ya antena inayoshika pande zote kwa usawa, na vipimo vya watu wengine baadaye vimeonyesha ni vizuri kupunguza moja au mbili. Ondoa 3 za mnara wa mstari, unabaki na 8 hivi, ambazo hazitofautiani sana na logi-periodiki nzuri ya urefu kama huo. Ile ya vijiti ni nyepesi na haishikwi sana na upepo. Hii ya springi haijali mnara umelala au umesimama. Chaguo ni lako, lakini angalia jambo moja ambalo muuzaji alilipindisha: miale ya springi hii ni myembamba, nyuzi 45 hivi. Lazima ielekezwe mnarani. Kutojali polaraizesheni na kutojali upande ni vitu viwili tofauti kabisa, na antena inayoshika pande zote kwa usawa, duara au si duara, haina nguvu ya ziada ya kukupa.

Upande wa kuviringisha? Mnara ukiwa wa mstari, viringisha utakavyo. Mnara ukiwa wa duara kwa kanuni za Marekani, fuata mviringo wa skrubu ya kawaida, ile inayokazwa kwa kuzungushwa kulia, maana huo ndio mkono wa kulia. Kama springi inaangalia ndani ya dishi badala ya mnara, geuza, kwa sababu dishi ni kioo na hugeuza mkono.

Kwenye dishi mambo ni mengine

Hoja ya kupoteza nusu tu inavunjika kabisa ukihama kutoka mnara kwenda satelaiti. Satelaiti nyingi za duara hutumia masafa yaleyale mara mbili, chaneli moja kwa mkono wa kulia na nyingine kwa mkono wa kushoto, zikitenganishwa na mkono peke yake. LNB (kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi) ya mstari ikielekezwa hapo inapokea nusu ya kulia na nusu ya kushoto kwa pamoja. Nguvu kwenye kipimo itaonekana nzuri. Ubora utakuwa sifuri, maana chaneli mbili zimelaliana zikiwa na nguvu sawa. Fundi asiyejua hili anaweza kuzungusha dishi mpaka jioni.

Mafundi wa madishi makubwa ya futi 6 na kuendelea wanalijua: ndani ya mdomo wa LNB ya bendi ya C, masafa ya satelaiti ya karibu gigahezi 4, huchomeka kibao cheupe cha tefloni, kwa nyuzi 45 kutoka kwenye sindano ya kupokelea. Tefloni hiyo inachelewesha mtetemo mmoja kwa robo ya mzunguko, na duara inageuka mstari kabla haijafika kwenye sindano. Kibao cha plastiki kinafanya kazi ileile ya waya wa kuchelewesha tuliouona juu, na kwa sababu bendi ya C ni nyembamba ukilinganisha na masafa yake, kinaifanya vizuri.

Angani kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki kuna mfano mzuri wa desturi mbili zikikaa jirani: miale ya satelaiti za Eutelsat inayohudumia Afrika, ambayo watazamaji wa DStv wanaitumia, ni ya mstari, na ile inayohudumia Urusi kutoka mahali hapohapo angani ni ya duara. LNB za masoko hayo mawili hazibadilishiki, hata kama kwa nje ni mapacha. Marekani nako, kwenye satelaiti za matangazo ya moja kwa moja majumbani, king'amuzi huchagua mkono kwa kubadili volti zinazopanda kwenye kebo: 13 kwa kulia, 18 kwa kushoto. Sisi volti hizohizo tunazitumia kuchagua wima na mlalo.

Kwenye bendi ya C duara lina sababu ya ziada. Tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme hupindua polaraizesheni ya mstari inapopita, na mpinduo hukua kadiri masafa yanavyoshuka. Kwenye gigahezi 4 unaweza kufika nyuzi kadhaa jua likiwa kali. Kwenye gigahezi 12 hauna maana. Duara likipinduliwa linabaki duara, kwa hiyo haligusiki.

Anayeifaidi kweli

Kwa televisheni ya minarani, basi, ningemshauri nani anunue au aviringishe antena ya duara? Mtu aliye katikati ya minara miwili, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima, iliyo upande mmoja wa dira, akitaka yote kwa antena moja. Mwenye gari la abiria au boti lenye televisheni, ambaye mkao wa antena hauko mikononi mwake. Anayepokea ndani ya nyumba yenye kuta nene, ambako wimbi limeshadundadunda hadi halijui lililala au lilisimama. Na mkazi wa mji wa Marekani ambao kituo chake kinarusha duara au yai, kwani huko mkataba umesainiwa pande zote. Uingereza, mnara wa Rowridge kwenye kisiwa cha Wight hurusha mlalo na wima pamoja tangu enzi ya dijitali, ili mwenye antena ya vijiti achague mkao wenye usumbufu mdogo. Huko nako kulaza au kusimamisha kijiti kunatosha.

Wengine wote, pandeni juu ya paa, legezeni nati moja, zungusheni antena ya zamani nyuzi 90 huku mtu wa chini akisoma kiwango cha ubora kwenye king'amuzi. Ubora, si nguvu. Tofauti ikiwa kubwa, mmejua mnara wenu unarusha vipi. Tofauti ikiwa ndogo pande zote mbili, wimbi linalofika kwenu limechanganyika, na hapo springi ya duru 6 ina hoja.

Wakati huohuo, watafiti wameanza kuitazama mitetemo hii miwili kwa jicho tofauti. Januari 2014 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilirusha picha za 8K, zenye ubora wa juu sana, kutoka Hitoyoshi hadi umbali wa kilomita 27 ndani ya chaneli moja tu ya megahezi 6. Hawakuifunga mitetemo miwili pamoja kuwa duara. Waliitenganisha: mlalo ulibeba data zake, wima ukabeba nyingine, na mpokeaji akawa na antena ya kila mmoja na kompyuta ya kuzitenganisha zilipoingiliana. Mfumo mpya wa televisheni wa Marekani, ATSC 3.0, nao umeacha mlango huo wazi. Antena moja ya duara yenye kebo moja, mbele ya mnara wa aina hiyo, ingezichanganya data hizo mbili kwenye waya mmoja na kumwachia king'amuzi fumbo lisilofumbulika.